Kuchagua baruti ya kulengea shabaha katika joto la Dar es Salaam

Msomaji wetu anayeishi Mbezi, Dar es Salaam, ameuliza hivi. Anamiliki kihalali bunduki ya .308 Winchester, anailengea shabaha za karatasi kwa umbali wa mita 300 na anatamani kufika mita 600, lakini amechoshwa na risasi za dukani ambazo boksi moja halifanani na jingine. Mjomba wake aliyeko Afrika Kusini hujaza risasi zake mwenyewe, yaani hutia baruti na kichwa kwenye ganda kwa mkono wake, na anaisifia baruti ya Somchem S335. Rafiki yake aliyesoma Uingereza anaapa kwamba hakuna kama Vihtavuori N140. Mtu wa tatu amemwambia asihangaike, achukue Hodgdon Varget. Anamalizia kwa kuuliza: "Ipi yenye nguvu zaidi, na nianze na kipimo gani?"

Ndugu yangu, kabla ya baruti kuna sheria, nami sitaizunguka. Leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kutengeneza risasi. Silaha na risasi nchini mwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na baruti yenyewe ni kitu hatari kinachohitaji kibali chake, kwa hiyo nenda kwanza kwa maofisa wa Jeshi la Polisi wanaoshughulikia leseni za silaha, uliza kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi. Wala usimwombe mjomba akubebee kopo kwenye begi, kwa kuwa baruti hairuhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege, hata ile inayowekwa chini. Ukijibiwa kwamba haiwezekani, nitakayoyasema hapa bado yatakusaidia kuchagua risasi za dukani, maana ndani ya ganda lililojazwa kiwandani kuna baruti ya namna hiyohiyo inayofuata kanuni zilezile.

Sasa nianze na neno ulilolitumia, "nguvu", kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Kwetu neno baruti linaleta picha mbili: ile nyeusi ya gobore, na ile ya kupasulia mawe kama machimboni Kunduchi. Katika picha zote mbili baruti nzuri ni ile inayolipuka kwa kishindo. Baruti ya bunduki ya kisasa, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884 kutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, haikukusudiwa kulipuka hata kidogo. Inatakiwa iungue kuanzia juu kwenda ndani, tabaka baada ya tabaka, na itoe gesi kwa mpangilio unaolingana na mwendo wa kichwa cha risasi kinaposonga mbele ndani ya mtutu. Kazi hiyo yote huchukua kiasi cha elfu moja ya sekunde na ushei. Ikiungua haraka mno, shinikizo hupanda kabla kichwa hakijasogea vya kutosha kuipa gesi nafasi, na anayeumia ni bunduki na mwenye bunduki. Ikiungua polepole mno, sehemu yake hutoka mdomoni mwa mtutu haijakamilisha kazi, nawe utaona punje zilizoungua nusu zimetapakaa kwenye turubai mbele yako.

Kwa hiyo hakuna baruti yenye nguvu kuliko zote. Kuna baruti ambayo kasi yake ya kuungua inalingana na ukubwa wa ganda, upana wa mtutu na uzito wa kichwa cha risasi. Ganda dogo linalosukuma kichwa chepesi hutaka baruti ya haraka, na ganda kubwa linalosukuma kichwa kizito kupitia mtutu mwembamba hutaka ya polepole. Bunduki yako ya .308, iliyoingia sokoni mwaka 1952, iko katikati ya mstari huo, na vichwa vya kulengea shabaha vinavyotumika zaidi kwake vina uzito wa greni 155 hadi 175, yaani takriban gramu 10 hadi 11 na nusu. (Greni ni kipimo cha zamani cha Waingereza ambacho wajazaji risasi hawajakiacha, moja ni gramu 0.0648.) Baruti zote tatu ulizotajiwa ziko katika eneo hilo la katikati. Mjomba wako, rafiki yako na yule mtu wa tatu hawakukudanganya, na kama ungekuwa unaishi mahali penye ubaridi ningekwambia chukua yoyote inayopatikana, kisha barua yangu ingeishia hapa.

Lakini unaishi Dar es Salaam.

Majedwali ya watengenezaji wa baruti, yaani orodha za vipimo vya chini na vya juu kwa kila kichwa cha risasi, hupimwa katika vyumba vyenye joto la takriban nyuzi 20 za Selsiasi. Sisi nyuzi 20 tunaziona alfajiri ya mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, tena si kila siku. Wakati wa kaskazi, mwezi Februari, kivulini ni nyuzi 32, na risasi uliyoiacha juani kwenye meza ya uwanja wa shabaha, au kwenye kiti cha gari lililofungwa vioo, inaweza kupita nyuzi 50. Baruti yenye joto huungua haraka zaidi kuliko iliyopoa. Kuna baruti ambazo hubadilisha mwendo wa risasi kwa kiasi cha nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo tofauti ya nyuzi 20 kati ya asubuhi na risasi iliyoachwa juani inakuletea tofauti ya mita 10 kwa sekunde, bila wewe kugusa mizani.

Tofauti hiyo ina maana gani kwenye karatasi? Kwa mita 100 huioni, ni kama milimita mbili tu za kupanda au kushuka, na ndiyo maana watu wanaopima risasi zao kwa mita 100 pekee hurudi nyumbani wameridhika bila sababu. Kwa mita 600 unakokutaka, mita 9 au 10 za mwendo huipandisha au kuishusha risasi karibu sentimita 10, ambao ni upana mzima wa duara la kumi katika shabaha ya mita 300 ya shirikisho la kimataifa la ulengaji. Kwa umbali wa yadi 1000, kama wanavyolenga kule Bisley nchini Uingereza, inakaribia robo mita. Mlengaji atalaumu upepo, atalaumu pumzi yake, atalaumu darubini, kumbe ni joto.

Na hilo ni la shabaha tu. La usalama ni kubwa zaidi, na nililijifunza kwa kuogopa. Nilipokuwa nikijifunza kazi hii Afrika Kusini, nilitafuta kipimo cha risasi zangu mwezi wa Julai, katika nyanda za juu, asubuhi ambazo umande ulikuwa umeganda kwenye majani na vidole vilikuwa vizito. Nilipanda hatua kwa hatua hadi karibu na ukomo wa jedwali, risasi zikafuatana vizuri, nikajaza hamsini nikaziweka. Mwezi Desemba nilizichukua hadi nyanda za chini, mahali penye joto kama hili letu, nikalenga saa saba mchana. Risasi ya tatu ilipotoka, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ilikataa kufunguka. Nilipoifungua kwa kuigonga na kiganja, fataki ya kitakoni mwa ganda, inayowasha baruti, ilikuwa imesawazishwa kama imepigwa pasi, na alama ya kitoa ganda ilikuwa imechapwa kwenye shaba, duara dogo linalong'aa. Mizani yangu haikuwa imekosea, na baruti ilikuwa ileile, kopo lilelile. Kilichobadilika ni joto, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni bila kujua kwamba ukingo wenyewe unasogea. Zile arobaini na saba zilizobaki nilizivunja moja moja kwa nyundo ya kung'olea vichwa, na kazi hiyo ilinichukua jioni mbili.

Kwa sababu hiyo, kigezo cha kwanza kwa mtu wa Dar es Salaam ni utulivu wa baruti wakati joto linapobadilika, na hapo Varget inapata uzito. Ingawa inauzwa na kampuni ya Marekani, inatengenezwa Australia, ambako inaitwa AR2208, nayo ni miongoni mwa baruti za vijiti vifupi zilizoundwa makusudi zisiyumbishwe na joto. N140 ya Finland nayo ni ya vijiti, imetengenezwa kwa selulosi ya nitriki bila nitrogliserini, na inasifika kwa jinsi loti moja, yaani baruti iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, inavyofanana na nyingine. S335 ya Afrika Kusini ni ya vijiti pia, na walenga shabaha wa huko wameitumia kwa .308 miaka mingi. Ukinibana nikuchagulie, kwa kichwa cha greni 155 au 168 na jua la hapa, ningechukua Varget kwanza na N140 ya pili. Hata hivyo, ikiwa mwagizaji mwenye kibali anaweza kukupatia S335 kila mwaka ilhali Varget anaipata mara moja kwa bahati, chukua S335 na ubaki chini zaidi ya ukomo. Baruti bora isiyopatikana mwaka ujao itakulazimisha kuanza upya kila kitu, na kuanza upya hugharimu mtutu, fedha na muda.

Hapa lazima nisimame kwenye jambo linalonitia hofu hasa kwa ajili yako, kwa kuwa utapokea ushauri kutoka nchi tatu. Iko S335 ya Somchem, na iko H335 ya Hodgdon. Namba ni moja, baruti ni mbili tofauti kabisa: ya kwanza ni ya vijiti, ya pili ni ya chembe za duara na huungua haraka zaidi. Mtu akikwambia kwa simu "tatu tatu tano", na wewe ukafungua jedwali lisilo lake, unaweza kuharibu bunduki kwa risasi moja. Vivyo hivyo ziko H4895 na IMR 4895, ziko H4350 na IMR 4350. Zinafanana majina kwa sababu za kihistoria, lakini kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Soma jina zima, pamoja na herufi za mbele, kwenye kopo na kwenye jedwali, kila mara, hata kama umelisoma jana.

Hii ndiyo sababu pia sikupi kipimo cha kuanzia, ingawa umekiomba kwa adabu na ninacho kichwani. Kipimo kinategemea kichwa hasa ulichonunua, aina ya ganda, fataki, na kina cha kichwa ndani ya ganda. Ganda la kijeshi la 7.62, ndugu wa .308 yako, mara nyingi lina kuta nene kuliko la kiraia, hivyo nafasi ya ndani hupungua na shinikizo hupanda kwa kipimo kilekile. Chukua jedwali la sasa la mtengenezaji wa baruti yenyewe, tafuta kichwa chako, anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, panda kidogo kidogo, na usimame mara tu bolti inapoonyesha uzito au fataki inapobadilika sura. Usitegemee dalili hizo kama taa ya kukuonya mapema, maana zikionekana shinikizo limekwisha kupita pale panapostahili. Wala usishuke chini ya kipimo cha chini kwa kudhani unajilinda, kwani baruti ya polepole iliyowekwa kidogo ndani ya ganda kubwa imewahi kupandisha shinikizo la kutisha.

Kuhusu ujazo wa ganda nina maoni makali. Nafasi tupu ndani ya ganda huifanya baruti ilale mbele au nyuma kulingana na ulivyoinua mtutu, na moto wa fataki ukaikuta kila mara mahali tofauti. Napenda baruti inayojaza ganda hadi chini kidogo ya shingo, au inayogusa kitako cha kichwa bila kukandamizwa sana. Baruti hizi tatu huwa karibu na hapo katika .308. Ina faida nyingine inayonipa usingizi: ganda lililojaa hivyo haliwezi kupokea kipimo mara mbili bila kumwagika mezani, na kosa hilo ndilo linalovunja bunduki za watu waliokatishwa na simu wakati wa kujaza.

Utasikia watu wakisifia baruti za chembe za duara kwa kuwa hutiririka kama mtama kwenye kipimio, kile chombo cha mpini kinachodondosha kipimo cha baruti, ilhali vijiti hukwama na kukatika kwa sauti ndogo unayoisikia mkononi unapozungusha mpini. Ni kweli, na kwa anayejaza mia tano kwa siku ni faida kubwa. Wewe utajaza hamsini. Pima kila moja kwa mizani, ukimalizia kwa kudondosha kijiti kimoja kimoja. Zima feni, elekeza kiyoyozi kwingine, na uihakiki mizani kwa jiwe la uzito unaojulikana kabla ya kuanza na katikati ya kazi. Sehemu ya kumi ya greni ni miligramu sita na nusu, na feni ya dari ya nyumba zetu inaisogeza mizani zaidi ya hapo. Mezani liwepo kopo moja tu la baruti, na ukimaliza, kilichobaki kwenye kipimio kirudi ndani yake usiku huohuo.

Sisitizo hilo la usiku huohuo lina sababu ya pili, nayo ni unyevu wa pwani. Baruti hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, polepole lakini bila kukoma. Iliyonyonya unyevu huungua taratibu zaidi, tena huwa nzito, kwa hiyo katika uzito uleule unakuwa umeweka baruti pungufu na maji kidogo. Iliyokaushwa kupita kiasi huungua haraka, na ukiitumia kwa kipimo cha zamani shinikizo hupanda. Kopo likiwa limetoka chumba chenye kiyoyozi, liache limefungwa kwa muda mpaka lizoee joto la pale unapofanyia kazi. Nimeshuhudia kopo la plastiki likifunguliwa barazani likiwa bado baridi, na ukungu ukatanda upande wa ndani wa kifuniko kama kwenye glasi ya maji ya barafu. Lihifadhi mahali pakavu na pasipo jua, ndani ya kopo lake la asili, mbali na watoto na jiko, ndani ya kasha la mbao linaloweza kufunguka badala ya sanduku la chuma lililobana. Ukifungua ukakutana na harufu kali ya asidi, au vumbi na moshi wa rangi ya kutu, baruti hiyo imeanza kuoza na usiitumie hata kwa majaribio.

Ukishapata kibali na baruti, ifanyie kazi mwenyewe badala ya kuniamini mimi au mjomba. Jaza risasi 20 za kipimo kilichokwisha kuonekana salama, mbali na ukomo. Lenga 10 asubuhi mapema, kila moja ikipita juu ya kipima mwendo. Nyingine 10 zilenge saa saba mchana siku hiyohiyo, zikiwa zimekaa kivulini ndani ya boksi, si juani. Andika mwendo wa kila risasi, kisha linganisha wastani wa asubuhi na wa mchana. Zikitofautiana mita mbili au tatu kwa sekunde, umepata baruti ya kuishi nayo Dar es Salaam. Zikitofautiana mita nane, ama ubadilishe baruti, ama ukubali kuwa na marekebisho mawili ya darubini, la asubuhi na la mchana.

Kuna joto jingine ambalo jaribio hilo halitakuonyesha. Baada ya risasi kumi mfululizo mtutu hauwezi kushikika, na risasi inayosubiri ndani ya chemba huku wewe ukingoja upepo utulie inaokwa kwa dakika nzima. Usiiingize mpaka uwe tayari kulenga. Ukiona bendera ya upepo imebadilika ukaahirisha, itoe, iweke kando ipoe, na uitumie mwishoni.

Nunua makopo mawili ya loti moja kwa pamoja, kwa kuwa hata mtengenezaji mwangalifu hawezi kuifanya loti ya leo iwe sawasawa na ya mwaka jana. Ukifungua loti mpya, rudi chini katika jedwali na upande upya. Na juu ya kila boksi la risasi unazojaza andika jina zima la baruti, loti yake, uzito wa baruti na wa kichwa, aina ya fataki, na joto la siku uliyozijaribu. Watu huandika yote hayo isipokuwa la mwisho. Mimi kwenye yale maboksi ya Julai sikuwa nimeliandika.